Kitisho Kilicho Nje ya Picha: Mikanda Iliyopatikana Tena na Watu wa West Nile

Katika tanzu za sanaa ya filamu upo mmoja ambao walimu wengi wa fasihi wameupa kisogo, pengine kwa kuuona kuwa ni mchezo wa vijana tu. Huo ni utanzu wa filamu za kutisha zinazojidai kuwa ni mikanda iliyookotwa. Mtunzi wa filamu ya namna hii hujificha. Picha zake hutikisika, sauti hukatika, taa huzimika, na mtazamaji hushawishiwa aamini kwamba anayoyaona hayakutungwa, bali yalipigwa na mhusika mwenyewe ambaye baadaye alitoweka. Fani hii haidai fedha nyingi, kwa kuwa kitisho chenyewe mara nyingi hakionekani. Kiko gizani, upande ambao kamera haikugeuzwa.

Mfano mmoja ni filamu ya Mmarekani Dean Alioto ya mwaka 1989, ijulikanayo kama The McPherson Tape, iliyogharimu dola 6,500 hivi. Yaonyesha jamaa waliokutana kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa mtoto, kisha wakavamiwa na viumbe kutoka nje ya dunia hii. Ghala la msambazaji liliungua moto, na nakala chache zilizonusurika zikapita mkono hata mkono bila majina ya mtunzi wala waigizaji. Basi wakatokea watu wazima walioshikilia kwamba mkanda ule ni ushahidi wa kweli. Miaka mingi ilipita kabla filamu hiyo haijapatikana tena na kutolewa upya kwa jina la mwenyewe. Hapa pana funzo la kwanza: mkanda usio na jina ni shahidi asiyeweza kuhojiwa.

Msomaji wa Arua au Koboko aweza kuuliza: mambo haya yatuhusu nini? Twajibu kwamba yatuhusu kuliko wengi. Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda tangu Januari 25, 1971 hadi Aprili 1979, alikuwa Mkakwa mwenye asili ya Koboko. Kwa hiyo kila filamu ya kutisha iliyotengenezwa juu yake imekuwa pia, kwa namna fulani, filamu juu ya nchi iliyomtoa. Dai letu ni kwamba filamu iliyopiga kelele nyingi juu ya kitisho hicho ndiyo iliyotuonyesha machache, na kwamba ukweli wenye kutisha zaidi umo katika picha tulivu zilizokatwa au kusahauliwa, kisha zikapatikana tena.

Tuanze na ile yenye kelele, Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel na kutolewa mwaka 1981. Nafasi ya Amin ilichezwa na Mkenya Joseph Olita, na yafaa tumsifu: alifanana na mhusika wake kwa umbo, na alijua kutoka katika kicheko na kuingia katika ghadhabu bila kumwonya mtazamaji. Lakini kwa fani yake, hii ni hadithi ya zimwi. Vichwa vya maadui vimo ndani ya jokofu, na mtawala anakula nyama ya mtu. Mambo hayo yalitoka katika uvumi, nayo filamu ikayapokea kama historia. Sasa, zimwi la hadithi halina mawaziri, halina makarani, wala halina watu wa kulipigia makofi. Mtoto akishaambiwa kwamba mwovu alikuwa zimwi, haulizi tena ni nani waliomfungulia mlango.

Tofauti kabisa ni filamu ya Barbet Schroeder, General Idi Amin Dada, iliyotolewa mwaka 1974 na kupigwa picha na Néstor Almendros. Hii si ya kubuni. Sehemu yake kubwa ni Amin akijionyesha apendavyo. Muziki ni wake, na akodiani anapiga mwenyewe. Anapita mtoni kwa mashua akizungumza na wanyama. Anaongoza mazoezi ya kuiteka milima ya Golan. Anacheka, na mtazamaji hujikuta akicheka naye.

Kisha tunaingizwa katika baraza la mawaziri. Amin anawapa mawaziri somo, nao wanaandika kama wanafunzi. Anamlaumu waziri wa mambo ya nje. Kamera inatua juu ya uso wa mtu huyo, na msimulizi anatuarifu kwamba majuma mawili baadaye maiti yake ilikutwa katika mto Nile. Hakuna mayowe. Tunaonyeshwa uso tu, nasi tunajua asilolijua mwenye uso. Katika sanaa yote ya mikanda iliyookotwa hatujui mahali panapotisha kuliko hapo, na hapo hapakutungwa.

Waziri huyo alikuwa Michael Ondoga, Mlugbara, mwana wa West Nile. Katika mwezi wa Machi 1974 alikufa pia Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin, baada ya kushindwa kwa jaribio la kumpindua. Mhakiki anayesema kwamba West Nile ilikaa upande mmoja tu wa bunduki ameitazama filamu ya Patel peke yake.

Historia ya mkanda huu nayo ni ya kutazamwa. Schroeder alitengeneza matoleo mawili, moja fupi la kuonyeshwa Uganda na jingine refu la Ulaya. Amin alipopata habari ya yaliyomo katika lile refu, alidai sehemu zikatwe, na kwa kumlazimisha akawazuia Wafaransa zaidi ya mia moja waliokuwa nchini. Schroeder alikata dakika mbili na nusu hivi. Dakika hizo zilirudishwa baada ya Amin kuanguka. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa mhusika mkuu wa filamu ndiye aliyekuwa mhariri wake.

Mwaka 2015 ukafuata ugunduzi mwingine. Katika Shirika la Utangazaji la Uganda, mjini Kampala, zilikutwa kabatini negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya 1970, kazi ya wapiga picha wa Wizara ya Habari. Zilikuwa katika bahasha zenye tarehe na maelezo, lakini ni chache tu zilizowahi kutolewa kwenye karatasi. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Aliyekwenda akitarajia kuona mateso hakuyaona. Aliona mikutano, ngoma, magwaride na wageni wa serikali. Aliona pia watuhumiwa wa makosa ya uchumi wamesimamishwa kando ya bidhaa zao.

Je, ndiyo kusema kwamba mateso hayakuwapo? La hasha. Kamera ilikuwa ya serikali, nayo iligeuzwa kule serikali ilikotaka. Hapa twapata funzo la pili, linalokamilisha lile la kwanza. Mkanda wa Alioto haukuwa na jina, uongo ukapokewa kuwa kweli. Picha za Kampala zina tarehe na maelezo, nazo ni za kweli, lakini ukweli wake ni wa upande mmoja. Jina na tarehe ni mwanzo wa uhakiki. Si mwisho wake.

Na sasa tuigeuze kamera upande wetu. Filamu ya Patel inakoma Amin anapokimbia. Kwa watu wa West Nile kitisho hakikukoma hapo. Askari wa jeshi jipya la UNLA walilipiza kisasi kwa raia, na Juni 24, 1981 waliishambulia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, ambako watu walikuwa wamekimbilia. Makumi ya watu waliuawa. Maelfu kwa maelfu walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan. Ndio mwaka ule ule ambao filamu ya zimwi ilitolewa. Hatusemi kwamba filamu iliua mtu. Twasema kwamba msanii anapomfanya mtu mmoja kuwa zimwi, huacha njia wazi ya kuwafanya jamaa zake wote kuwa watoto wa zimwi.

Hata lugha tunayoifundisha imo katika habari hii. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini kwa Waganda wengi sauti ya Kiswahili ilibaki kuwa sauti ya askari kizuizini. Katika masoko ya Arua na Koboko mambo ni mengine: Kiswahili husikika pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Lingala, ni lugha ya kupatana bei na kujuliana hali. Mwaka 2005 kiliingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima. Mwalimu atakayeitekeleza kazi hiyo ajue kwamba baadhi ya wanafunzi wake wamerithi picha ya askari, na kwamba picha hiyo haiondolewi kwa kanuni za ngeli. Huondolewa kwa kuonyeshwa yaliyobaki nje yake.

Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu wenzetu wa madarasa ya juu zoezi jepesi. Mwalimu achague picha moja ya miaka hiyo, wanafunzi waijadili kwa maswali matatu: ni nani aliyeshika kamera? Ni nini kilichoachwa nje? Ni nani aliyeihifadhi, na kwa nini? Kisha kila mwanafunzi, kwa ridhaa ya mzee wake, aandike kwa Kiswahili jambo moja la miaka ya 1971 hadi 1981 ambalo mzee huyo alilishuhudia na ambalo hakuna kamera iliyolipiga. Aandike tarehe, mahali, na jina la msimulizi akiridhia. Daftari hizo zihifadhiwe shuleni, mahali pakavu, katika bahasha zilizoandikwa vizuri. Atakayezikuta miaka hamsini ijayo asilazimike kubahatisha ni nani aliyekuwa akisema.