Shauku kwa Njia ya Ukanushi: Wimbo wa Wanawali wa Alcman

Wimbo wa wanawali uliotungwa na Alcman, mshairi wa Sparta wa karne ya 7 KK, ulipatikana Saqqara, Misri, mwaka 1855, kwenye mafunjo ambayo sasa yamehifadhiwa Louvre. Imesalia takriban mishororo mia moja, na mwanzo umepotea. Hata hivyo, muundo wake bado unaonekana, na nguzo yake ni ukanushi.

Sehemu ya kwanza ni orodha ya wafu. Kwaya ya wanawali inawataja wana waliouawa wa Hippocoon, mfalme wa Sparta katika visasili, na papo hapo inatangaza nani haingii katika hesabu hiyo. Kisha linakuja onyo: binadamu asitamani kuruka hadi mbinguni, wala kumwoa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Ndoa, basi, inaingia katika shairi kwanza kama mpaka.

Baada ya hapo sauti inageuka kuelekea uwanjani, kwa wasichana wenyewe wanaocheza. Wawili kati yao, Agido na Hagesichora, kiongozi wa kwaya, wanafananishwa na farasi wa mbio wa nasaba mbalimbali, na mtazamaji anaulizwa kama haoni. Swali hilo ni la mtu anayenyoosha kidole. Nusu ya maana yake imo katika miili iliyosimama mbele ya hadhira.

Ndipo inapokuja orodha ya pili, na hapa ustadi wa Alcman unastahili kutazamwa kwa utulivu. Nguo za zambarau hazitoshi kuwakinga, wala bangili ya dhahabu yenye umbo la nyoka, wala kilemba cha Lydia, wala nywele za msichana Nanno, wala uzuri wa wenzake wanaotajwa mmoja mmoja. Kila kinachokanwa kimekwisha kuonyeshwa. Jina likishaimbwa, macho yamekwisha kumtafuta mwenyewe. Tena, hamu ya kumpata Astaphis, au ya kutazamwa na Philylla, imewekwa kinywani mwa mtu ambaye angekwenda kwa mwanamke aitwaye Aenesimbrota, na inasemwa kwamba maneno hayo hayatatamkwa. Yametamkwa tayari, kwa wimbo, mbele ya watu. Ukanushi unakoma kwa Hagesichora peke yake, naye ndiye anayewadhoofisha waimbaji kwa mapenzi.

Kuisoma orodha hii kama unyenyekevu wa wasichana mbele ya kiongozi wao ni kuisoma nusu. Kwa kumsifu mmoja, kwaya imewatangaza wote, kila mmoja kwa jina lake, mbele ya jamii itakayowaoza.