Gurumo na ufundi wa kusubiri zamu

Ukitoka kwetu Chanika kwenda mjini unapita Pugu Kajiungeni, pale njia ya Kisarawe inapokutana na yetu, kisha Gongo la Mboto, hadi uingie Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Maisha ya mwimbaji wa dansi Muhidin Maalim Gurumo yaliufuata mkondo huo huo. Alizaliwa mwaka 1940 kijijini Masaki, Kisarawe, si Masaki ile ya balozi na mahoteli. Studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zilizohifadhi sauti yake kwenye kanda, zilikuwa pembeni mwa barabara hiyo.

Huku kwetu ni Uzaramo, hata kama siku hizi viwanja vimepimwa na majirani wametoka kila mkoa. Na Mzaramo hasubiri kipaza sauti ndipo ajifunze kuimba. Ana mdundiko. Ni ngoma inayochezwa ikitembea: wapigaji wanashika njia, watu wanafuata, na kuna mama ameacha chungu jikoni kwa sababu mlio umempitia mlangoni. Anayetoa wimbo hutupa mstari mmoja akanyamaza, kundi likaitikia. Akirudi mapema anaukata mwitikio. Akichelewa, ngoma inapoa. Kupaza sauti kila mtu anaweza. Kazi yenyewe ni kujua lini urudi.

Ufundi huo ndio ninaousikia kwa Gurumo, na ndio unaonifanya nirudie nyimbo zake bila kuchoka. Wimbo wa dansi wa enzi zake una sehemu mbili. Kwanza kisa kinasimuliwa polepole, halafu linakuja chemko, magitaa yanachachamaa na watu wanainuka vitini. Waimbaji wengi hukiharakisha kisa ili wafike kwenye chemko. Yeye hakuwa na haraka. Sauti yake ilikaa katikati, imara, haipandi juu kutafuta makofi. Analisema neno kama anavyolisema mtu mzima kwenye kikao cha ukoo, analimaliza, kisha anamwachia mpiga solo nafasi ajibu. Pale pale waitikiaji wanaingia, na juu yao inapanda sauti nyembamba ya mwimbaji mwenzake, Hassan Rehani Bitchuka. Sikiliza wawili hao wakiimba pamoja: Gurumo anatandika chini ili mwenzake aelee. Kumtandikia mwenzako ni kazi ngumu kuliko kuelea, na wanaoisifia ni wachache.

Studio zile za redio pia zilidai uvumilivu. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na tumba, na kanda ikachukua kilichopigwa. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Maneno nayo yalipitiwa kwanza kabla ya wimbo kurekodiwa. Kwa hiyo kila mstari tunaousikia leo ulikuwa umeshapimwa barazani, ukumbini na mezani kwa wakaguzi. Labda ndiyo maana haumwagiki.

Alianza muziki mwaka 1960. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, akawa miongoni mwa watu wake wa mwanzo. Wanamuziki wale walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, na katika miaka ya Ujamaa bendi za mashirika zilitarajiwa kuimba sera za taifa pamoja na mapenzi. Mwaka 1978 akaenda kuianzisha Mlimani Park na wenzake, bendi iliyojipatia jina la Sikinde, ambayo ni ngoma ya Wazaramo. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, kwa watu wa mtindo wa Ndekule. Baadaye akarudi kwenye ile bendi ya NUTA, ambayo ilikuwa imepita kwenye majina ya JUWATA na OTTU kufuatana na chama cha wafanyakazi, hadi ikabaki mikononi mwa wanamuziki wenyewe kama Msondo Ngoma. Msondo nao ni ngoma ndefu ya unyagoni. Mji ukagawanyika, huyu Msondo, yule Sikinde, na Gurumo alikuwa ameimba kote kuwili.

Kuhama bendi Dar es Salaam halikuwa jambo dogo. Unaacha mshahara na wapenzi wako, na unawaachia wenzako nyimbo ulizotunga. Yeye alihama na akapokewa, kwa sababu kila alikokwenda alikwenda na kitu kisichobaki nyuma na vyombo: namna ya kuwapanga watu wengine wasikike vizuri. Wapenzi walimwita Kamanda. Kwangu jina hilo linamfaa kwa kazi hiyo ya kupanga hasa.

Na visa vyenyewe? Ndoa, malezi, wosia, ndugu na mali. Mambo ambayo mjomba au shangazi angeyasema faragha, bendi iliyasema ukumbini Jumamosi, na Jumapili yakaendelea kujadiliwa uani. Naihesabu kuwa huduma kwa jamii, na alidumu nayo hadi mwaka 2013 alipostaafu, baada ya miaka 53 jukwaani. Diamond Platnumz, kijana wa muziki mwingine kabisa, alimzawadia gari. Nililipenda tendo lile, kwani heshima ilimkuta mwenyewe angali hai.

Alifariki tarehe 13 Aprili 2014 katika Hospitali ya Muhimbili, akazikwa kwao Masaki. Redioni nyimbo zake bado zinapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa, mara nyingi kwa kutajwa jina la bendi tu. Ningependa mtangazaji awataje na waimbaji mmoja mmoja: nani anatoa wimbo, nani yuko juu, nani anaitikia. Watoto wa Chanika wanaosikiliza simu zao kwenye daladala wangejua ni sauti gani waifuate ndani ya ule umati.