Kiungo Kinachomiminika

Katika gereji nyingi, kubadilisha oili ya giaboksi huhesabiwa kuwa kazi ndogo, na aghalabu huachiwa kijana anayejifunza wakati fundi mkuu ameinamia injini. Hata hivyo, ni katika kazi hiyo ndogo ambapo fundi hupambanuka na mtu mwenye spana, kwa sababu oili ya giaboksi ni kiungo cha mashine yenyewe, kilichobuniwa kwa vipimo sawasawa na vyuma inavyovizunguka, na tofauti yake na viungo vingine ni kwamba chenyewe humiminika.

Katika giaboksi ya otomatiki, nguvu ya injini hupitia kwanza katika konveta, yaani chombo cha mviringo chenye mapanga yanayotazamana mfano wa feni mbili zilizoelekezana, ambapo feni ya kwanza, ikizungushwa na injini, huirusha oili kwa kasi kuelekea ya pili, nayo ikazunguka. Oili hiyohiyo husukumwa na pampu kupitia vijia vyembamba na vali ndogondogo ili ikabane sahani za klachi, kisha hubeba joto la msuguano na kulipeleka kwenye kipoza kilichoko karibu na rejeta. Kazi yake nyingine ndiyo ngumu kuliko zote, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya klachi, sahani za chuma tupu hupangwa kwa kupishana na sahani zilizovikwa kitu kinachofanana na karatasi nene, na gia inapobadilika, sahani hizo hutakiwa zitelezeane kidogo, kwa muda mfupi sana, halafu zishikane kabisa. Ni oili inayoamua ziteleze kwa kiasi gani na zishike kwa ukali gani. Ikiwa dawa zilizochanganywa ndani yake zinatelezesha kupita kiasi, sahani hazishikani, karatasi ile huungua, na oili hugeuka nyeusi yenye harufu ya kuungua. Na ikiwa zinakamata mno, gari hushtuka kila gia inapoingia, kama mtu anayesukumwa mgongoni.

Kwamba oili hubuniwa pamoja na sahani zake ni jambo lililo wazi katika historia ya chombo hiki tangu kampuni ya General Motors ya Marekani ilipoanza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mwaka 1949 kampuni hiyo ilitangaza kipimo cha oili kilichoitwa Type A, na mwaka 1967 kikafuatwa na Dexron. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1960, Ford walikuwa wakitumia oili yao ya Type F, ambayo haikutiwa dawa ya kulainisha msuguano, kwa kuwa klachi zao zilitaka kushika upesi na kwa nguvu. Kampuni mbili za nchi moja zilitaka mambo mawili yanayopingana kutoka kwa oili ambazo kwa macho zilikuwa karibu sawa. Hata dawa yenyewe ya kulainisha msuguano ilikuwa na asili ya ajabu, kwani kwa miaka mingi ilitokana na mafuta ya nyangumi mkubwa mwenye meno, mpaka Marekani ilipopiga marufuku biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wanakemia wakalazimika kubuni mbadala.

Afrika Mashariki, ambako magari mengi ya watu binafsi hufika yakiwa yametumika kwanza Japani, suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kitabu cha maelezo, kikiwa bado kimo ndani ya gari, kimeandikwa Kijapani. Mfano mzuri ni Toyota IST, gari linalofahamika hata kwa watoto wa mitaa ya Dar es Salaam. IST ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ina giaboksi ya otomatiki ya gia 4 itumiayo oili iitwayo T-IV. IST ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2007, ikiwa na injini ya lita 1.5 na kuvutwa na magurudumu ya mbele, ina giaboksi ya aina ya CVT. Mteja anayefika dukani na kusema tu kwamba anataka haidroliki, yaani oili ya giaboksi, ya IST hajasema lolote la kumsaidia muuzaji.

CVT ni giaboksi isiyo na ngazi za gia, ambayo mkanda hupita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Wazo hilo lilifanikishwa kibiashara na Mholanzi Hub van Doorne, ambaye kampuni yake ya DAF ilionyesha gari la namna hiyo mwaka 1958 likiwa na mikanda ya mpira, na baadaye ukaja mkanda wa chuma uliotungwa kwa mamia ya vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Mkanda huo hushikana na puli chuma kwa chuma, kupitia utando wa oili ambao lazima ulinde bila kutelezesha. Ukiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, na mtelezo mmoja mkali unatosha kuchora mikwaruzo juu ya puli ambayo hakuna oili itakayoifuta.

Rangi haiwezi kuwa mwongozo. Wekundu wa oili nyingi za otomatiki ni rangi iliyotiwa ili zitofautishwe na oili ya injini, na T-IV na WS, zote za Toyota na zote nyekundu, hazilingani uzito, WS ikiwa nyepesi zaidi. Fundi mwenye kuijua kazi yake hufungua boneti, akafuta vumbi kwenye kibati cha utambulisho, na kusoma mstari unaotaja aina ya giaboksi kabla ya kuuliza bei ya oili yoyote. Dakika hizo mbili za kusoma ndizo kiini cha ustadi wake, na ni vigumu kuzisifu ipasavyo, kwa sababu mteja hazioni. Kosa nalo halionekani siku hiyo: gari lililotiwa oili isiyo yake huondoka likienda vizuri, pengine kwa wiki kadhaa, na kulisafisha si rahisi, kwani nati ya chini ikifunguliwa sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya konveta.

Gia za mkono nazo zina sharti lake. Oili ya daraja la GL-5, iliyokusudiwa gia za difu zenye mgandamizo mkubwa, huweza kudhuru pete za shaba ya manjano zinazolinganisha mwendo wa gia, ambazo huhitaji GL-4, ingawa kidoleni oili hizo mbili hazitofautiani.

Katika giaboksi nyingi za karibuni, zisizo na stiki ya kupimia, ustadi huu huonekana vizuri zaidi mwishoni mwa kazi. Gari hunyanyuliwa likae sawa pande zote, injini huachwa ikiunguruma, mkono wa gia hupitishwa polepole katika kila nafasi, na fundi husubiri oili ifikie joto la karibu nyuzi 40, kwa kuwa oili baridi hunywea na ya moto hutanuka. Ndipo hufungua nati ya kipimo. Oili hutoka kama uzi mwekundu, uzi hupungua, hukatika ukawa matone, na fundi, akiwa bado chini ya gari na kitambaa mkononi, huyaangalia matone hayo yakiachana hadi atakapoona wakati umefika wa kurudisha nati.