Mashairi ya Nyumbani

Mjomba wangu wa Tanga ni fundi cherehani, na mashairi yake huyatunga palepale kazini. Mguu unakanyaga pedali, midomo inanong'ona. Mshororo ukija, huachia kitambaa akapitisha kidole gumba kwenye pingili za vidole vingine akihesabu mizani. Ikizidi moja, cherehani husimama na suruali ya mteja husubiri chini ya sindano mpaka neno lipatikane. Wateja wamezoea, wengine humsaidia kutafuta kina.

Hatungi kwa ajili ya gazeti. Hutunga kwa mtu: mpwa anayeolewa, kijana aliyetoka jandoni, shangazi anayekwenda kuhiji. Langu aliniandikia nilipokwenda kusoma bweni. Limo sanduku langu la bati lililobonyea pembeni, limo deni la maandazi nililomwachia jirani, na yumo bibi, macho yamefifia, anapapasa mkeka akitafuta sindano iliyomdondoka. Bibi hakuwahi kupigwa picha. Ubeti ule ndio sura yake niliyobaki nayo, na kila nikiusoma naona vidole vyake vikipita kwenye ukili, vikisita penye mshono, vikiendelea. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mjomba kama sakafu isingempa kina chepesi zaidi. "Ningepata, mjomba," alinijibu. "Lakini mama alikuwa mkekani."

Sanaa hii ina wakubwa wake. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mwaka 1858, mjane na mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Wasomaji wa leo hugombana juu ya mawaidha yake kuhusu mume, nao wana haki ya kugombana. Mimi hukawia mwanzoni, kabla ya mawaidha: mama hajiwezi, anamwita mwanawe aje karibu na karatasi na wino. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali, mtu wa mafaili na uhamisho, lakini Utenzi wa Adili alimwandikia mwanawe wa kiume, Utenzi wa Hati akamwandikia bintiye, na mkewe Amina alipofariki akamlilia kwa shairi. Leo tunayasoma sisi tusio watoto wake wala wakwe zake, na pengine yanatugusa kwa sababu hayakuandikiwa sisi.

Sasa mtu akifiwa, simu yake hujaa pole zinazofanana mpaka nukta: picha ya ua, maneno matatu ya faraja, na jina la marehemu halimo. Aliyetuma alitumiwa na mwingine, naye atamtumia mwingine tena kesho. Ufundi haujatutoka, maana vijana wa singeli wanapanga vina kwa kasi ambayo mjomba mwenyewe huitikisia kichwa. Kilichotutoka ni subira ya kumtazama mtu mmoja wa nyumbani mpaka tujue la kusema juu yake.

Mwaka jana palikuwa na harusi kwetu. Wadogo zake bibi harusi walimwendea mjomba wakitaka shairi, fupi, la kutosha kwenye simu. Hakukataa. Aliwauliza tu: dada yenu utotoni alikuwa akiogopa nini? Nani alikuwa akimsuka? Akikasirika hujifungia chumba gani? Walitazamana. Mmoja akasema wataulizana kwenye grupu la familia, wakaaga. Usiku wa harusi mshereheshaji alisoma beti alizozitoa kwenye simu yake, jina la bibi harusi limepachikwa mahali palipokuwa na jina la mwingine, mizani ikachechemea. Watu wakapiga vigelegele. Mjomba, safu ya nyuma, alikuwa na kidole gumba kwenye pingili, anahesabu.