"Umaarufu" au "Utajika"? Tahakiki ya Istilahi Moja ya Kamusi Elezo

Kila atungaye kamusi elezo hukabiliwa na swali ambalo mtunzi wa kamusi ya lugha hulikwepa kwa urahisi. Neno likishatumiwa na wasemaji kwa kiasi cha kutosha, lina nafasi katika kamusi ya lugha, liwe zuri au baya. Lakini kamusi elezo hueleza pia watu, na watu hawana idadi. Nani aingizwe, na nani aachwe? Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi inayotumika kutolea uamuzi huo. Kwa mfano tutamchukua mtu ambaye kesi yake ni ngumu kuamua: mwigizaji wa televisheni anayepewa nafasi ndogo ndogo.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hujiita kamusi elezo huru, hutumia neno "umaarufu" kuwa kipimo cha mtu kuandikiwa maelezo yake peke yake. Neno hilo limetokana na shina lile lile la Kiarabu lililotupatia arifu, taarifa na maarifa. Maana yake ni hali ya kujulikana. Kwa mazungumzo ya kawaida halina dosari. Kwa kazi ya istilahi lina kasoro tatu.

(a) Umaarufu hupima masikio ya watu wala haupimi ushahidi. Wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliyajua vizuri majina ya Pwagu na Pwaguzi, lakini ni wachache kati yao ambao wangeweza kuwataja waigizaji wenyewe. Nani basi aliyekuwa maarufu: mhusika au mwigizaji? Nchini Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana na taifa zima kwa jina la Mzee Ojwang' wa mchezo wa "Vitimbi". Hata kidahizo chake, yaani jina linaloongoza maelezo, huleta mjadala: tumtafute chini ya Wanjau au chini ya Ojwang'? Kipimo cha kujulikana hakitusaidii, kwa sababu kilichojulikana ni kinyago, na tunayemwandika ni mtu aliyekivaa.

(b) Umaarufu hupanda na kushuka. Steven Kanumba alianza kuonekana katika michezo ya kikundi cha Kaole mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa mmoja tu kati ya vijana wengi. Alipofariki mwezi Aprili mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 28 tu, maelfu ya watu walijitokeza kumzika. Mhariri wa mwaka 2002 aliyemwacha hakumwonea, na mhariri wa mwaka 2012 aliyemwingiza hakumpendelea. Lakini neno "umaarufu" halisemi kama twahukumu sauti ya wiki hii au kumbukumbu ya miaka.

(c) Umaarufu ni sifa, na sifa hutamaniwa. Likitajwa neno hilo, anayekataliwa huona ametukanwa, na anayekubaliwa huona ametuzwa. Mjadala uliokuwa wa vyanzo hugeuka kuwa wa heshima.

Kabla ya kupendekeza tiba, yafaa tuondoe utata mwingine. Wafasiri wengi huandika "mwigizaji mdogo". Msomaji ataelewa nini: mwigizaji mtoto, mwenye umbo dogo, au asiye na sifa? Udogo hapa ni wa nafasi aliyopewa katika mchezo. Tuandike "mwigizaji wa nafasi ndogo". Mtu aweza kushika nafasi ndogo katika michezo arobaini na akawa na historia ndefu kuliko yule aliyeshika nafasi kuu mara moja.

Wapo wanaoona kuwa "umaarufu" ungeachiwa nafasi na "ustahiki". Neno hili ni zito zaidi, lakini limebeba haki ndani yake. Ndiyo asili yake. Kamusi elezo si mahakama ya kugawa haki. Hakuna mtu mwenye haki ya kuandikwa, kama ambavyo hakuna mwenye haki ya kuandikwa uongo. Tukisema "hastahiki" tutakuwa tumehukumu utu wake, na hilo si letu.

Pendekezo letu ni "utajika". Wasemaji wanalo tayari neno "mtajika". Ni kweli kwamba magazeti hulitumia kwa maana ya mtu maarufu, lakini istilahi huzaliwa kwa kuibana maana ya neno lililopo. "Ikulu" lilikuwa makao ya mtemi kabla ya kuwa makao ya Rais. "Ngeli", ambalo walimu wetu hulifundisha kila siku, limetoka katika Kihaya, kwa maana ya aina tu. Faida ya "utajika" ni kwamba lina kitenzi hai ndani yake, na kitenzi hicho humlazimisha mhariri kuuliza: ametajwa na nani, wapi, na kwa maneno mangapi?

Pingamizi moja ni la haki. Kutajwa kwaweza kununuliwa. Wanamuziki wa dansi, hapa kwetu na Kongo, hutaja majina ya wafadhili wao katikati ya wimbo. Aidha mtu aweza kujitaja mwenyewe. Sisi tuandikao kutoka Rubya, katika Ihangiro ya zamani, hatuhitaji kufundishwa hilo: Bahaya wana "ebyebugo", majigambo ambayo mwanamume aliyatamka mbele ya Mukama kueleza ushujaa wake. Ni fasihi ya hali ya juu, na mtunzi wa kamusi elezo anapaswa kuieleza. Lakini majigambo ya mtu si ushahidi wa vita alivyopigana. Kwa hiyo utajika lazima uwe wa kutajwa na asiye na masilahi, na kwa maelezo, si kwa jina tu katika orodha ya washiriki inayopita mwishoni mwa mchezo.

Tukijaribu kipimo hiki hapa hapa Rubya, tutaona kinavyofanya kazi. Seminari ya Rubya, iliyoanzishwa mwaka 1904 na iliyowapokea pia vijana wa kwanza wa Rwanda waliosomea upadre, imetajwa katika historia za nchi zaidi ya moja. Inaingia. Laurean Rugambwa, aliyesoma hapo na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, anaingia bila mjadala. Sasa tuseme yupo kijana wa Rubya aliyeonekana katika tamthilia ya televisheni kwa majuma kadhaa, akiwa dereva au askari wa mlangoni. Kijiji kizima kinamjua. Kwa kipimo cha umaarufu, majirani zake watashangaa akiachwa. Kwa kipimo cha utajika, jina lake litaandikwa chini ya kidahizo cha tamthilia hiyo, pamoja na nafasi aliyoigiza, na siku atakapoandikwa kwa mapana na wengine, atapewa kidahizo chake. Hakudharauliwa, amewekwa mahali ambapo msomaji atamkuta na kuyasadiki anayoyasoma.

Kisha tumtazame mpiga nanga. Watu waliozaliwa mijini huenda hawakupata kulisikia jina la Habibu Selemani, fanani wa Kagera. Umaarufu wake kwa kizazi cha televisheni ni mdogo. Lakini tendi zake zilirekodiwa, zikaandikwa na kuchambuliwa na wataalamu. Utajika wake ni mkubwa, na mwenye kumwacha kwa sababu "hajulikani" ameipunguza kamusi elezo yake.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Katika Wikipedia ya Kiswahili yamo maelezo mengi ya mistari miwili mitatu kuhusu waigizaji wa Marekani. Hayakuingia kwa sababu msomaji wa Muleba aliyahitaji. Yaliingia kwa sababu yalikuwapo katika lugha nyingine, na kufasiri ni rahisi kuliko kuchunguza. Kwa kufanya hivyo twaazima hukumu ya watu wengine kuhusu nani ni mtu wa kukumbukwa. Mwigizaji wa nafasi ndogo wa huko ana magazeti yaliyomhifadhi. Wa kwetu Tanzania Bara, ambako vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, ana kanda zinazoharibika na wazee wanaosahau. Kipimo cha utajika hakitamfaa mpaka awepo wa kumtaja.

Kwa hiyo wajibu unatugawanyikia. Wafasiri wasilete kidahizo cha mwigizaji wa ng'ambo bila kuuliza mashahidi wake ni nani. Walimu wawaongoze wanafunzi kuwahoji na kuwaandika mafanani wa sehemu zao, kwa tarehe na mahali, na kuyachapisha waliyoyapata. Maofisa utamaduni wa wilaya wahifadhi kumbukumbu za vikundi vya sanaa wanavyovisajili. Nasi wa istilahi tunaliweka mbele ya wasomaji pendekezo hili, walijadili na kulirekebisha:

utajika: hali ya mtu, mahali au jambo kuwa limetajwa kwa maelezo, na zaidi ya shahidi mmoja, asiyefungamana nalo kwa masilahi.