Mtunzi wa Ngoma katika Chuo Kikuu: Kazi ya Mawere Opoku huko Legon

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana tatu zisizokubali kutenganishwa: chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa, na shughuli ya watu waliokusanyika kwa ajili ya hivyo viwili. Chuo kikuu hakiwezi kulivumilia neno la namna hii. Huko chombo hupewa mwalimu wa muziki, mchezo hupewa mwalimu wa mazoezi ya mwili, na shughuli hupewa mtaalamu wa mila. Mwalimu wa ngoma, kwa hiyo, aingiapo chuoni huona kwamba kazi yake imekwisha kugawiwa watu watatu kabla yeye hajafika, na tena kwamba wote watatu hupandishwa vyeo kwa vitabu wanavyoandika, hali kazi yake yeye hupotea jioni ile ile inapochezwa.

Njia moja ya kutoka katika shida hii ilipatikana Marekani. Margaret H'Doubler alikuwa amesoma biolojia na kufundisha mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1916 alikwenda New York, naye akaambiwa atazame kama huko iko namna ya dansi inayostahili kufundishwa chuoni. Aliporudi mwaka 1917 alianza kufundisha, na mwaka 1926 chuo hicho kikawa cha kwanza nchini humo kutoa shahada ya dansi. Bibi huyu hakuwa mchezaji. Wanafunzi wake walilala sakafuni wakajifunza namna kiungo kinavyokunjuka, na kiunzi cha mifupa kilikuwa chombo chake cha darasani kama vile ramani ilivyo kwa mwalimu wa jiografia. Alistaafu mwaka 1954 akiwa ameipa dansi heshima ya elimu. Walakini heshima hiyo ilikuwa na bei yake: jukwaa lilikuwa jambo la pembeni, na mtu aliyetaka kuwa mchezaji hasa ilimpasa atafute mahali pengine.

Albert Mawere Opoku hakuweza kuifuata njia hiyo, wala haielekei kwamba aliitaka. Yeye alikuwa Mwasante, mchoraji kwa mafunzo yake ya kwanza, na kwa miaka mingi alifundisha sanaa ya mkono mjini Kumasi. Baadaye alikaa New York akijifunza dansi ya kisasa, na Martha Graham alikuwa mmoja wa walimu wake. Mwaka 1962, Chuo Kikuu cha Ghana kilipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu kwa jina hilo, Opoku alitiwa katika kazi mpya huko Legon: kuunda kundi la ngoma la taifa, Ghana Dance Ensemble, chini ya Chuo cha Uchunguzi wa Mambo ya Afrika. J. H. Kwabena Nketia, mjuzi wa muziki na lugha ya Kiakan, ndiye aliyekuwa mwenzake katika shauri hilo. Kwame Nkrumah alikifungua rasmi chuo hicho cha uchunguzi mwezi Oktoba 1963, na haja ya serikali ilijulikana wazi: taifa lililokuwa na umri wa miaka sita lilitaka lionekane kuwa ni moja. Basi H'Doubler aliingia chuoni kwa mlango wa mifupa, Opoku akaingia kwa mlango wa taifa.

Alichokifanya Opoku chastahili kuangaliwa kwa makini, maana aghalabu husifiwa au hulaumiwa kwa jumla bila ya kutazamwa. Adowa ya Waasante, Agbadza ya Waewe, Bamaya ya Wadagomba, na nyingine nyingi, zilitolewa katika viwanja vyake zikaletwa kwa vijana wa makabila mbalimbali, na kila kijana akafundishwa ngoma za wenzake pamoja na zake. Ngoma iliyochukua usiku kucha ilifupishwa ikawa ya dakika chache. Duara lililokuwa limezungukwa na watu lilifunguliwa upande mmoja ili watazamaji walioketi waone. Hatua ambazo mchezaji wa kijijini huzichagua mwenyewe, kwa kadiri moyo na mpigaji wanavyomwamuru, ziliwekwa katika mfuatano uliokwisha kuamuliwa.

Hapa ndipo lawama yenye nguvu inaposimama. Katika Adowa, ambayo hasa huchezwa matangani, mikono ya mchezaji husema: anayeiweka kichwani hutangaza msiba wake, na mpigaji humjibu. Tena mpigaji naye husema kwa maneno hasa, kwa kuwa Kiakan ni lugha ya toni, na ngoma mbili za atumpan, moja ya sauti ya juu na moja ya chini, huweza kuifuata sauti ya usemi hata msikiaji aliyelelewa nazo akafahamu. Mazungumzo ya namna hii hayawezi kupangwa tangu asubuhi yakabaki mazungumzo. Yakipangwa huwa ni maghani. Huenda yakawa maghani mazuri, lakini hakuna anayejibiwa. (Kiswahili hakina toni za namna hiyo, wala ngoma ya pwani haisemi hivyo, maneno yake yamo katika wimbo. Labda ndiyo sababu pwani humtukuza malenga na manju kuliko sogora, ingawa bila ya sogora hakuna anayeinuka.)

Hata hivyo lawama hiyo haimshindi Opoku kwa kila upande. Mchoraji hakosi kujua kwamba fremu hukata, na kwamba kukata ni sehemu ya kuchora. Aliwaweka wapigaji jukwaani, nyuma au kando ya wachezaji, mahali wanapoonekana. Hakuwaficha kama wanamuziki wa opera wanavyofichwa shimoni. Hakuzichanganya hatua za ngoma moja na nyingine ovyo ili kuwapendeza wageni. Na katika kazi alizozitunga upya, kama African Liberation Suite ya miaka ya 1960, alionyesha kwamba hatua za kale zaweza kubeba habari isiyokuwamo katika kiwanja cha zamani.

Swali lililobaki ni hili: katika hayo, cha Opoku ni kipi? Chuo kikuu hulazimika kuuliza hivyo, kwa sababu hakiwezi kumpa mtu cheo kwa kazi ya babu zake. Kiswahili chaweza kusaidia hapa kuliko maneno ya Kizungu, ambayo asili yake ya Kiyunani ni kuandika dansi. Kutunga, kwa Mswahili, ni kazi ya ushairi na ni kazi ya ushanga. Mtunga ushanga hatengenezi shanga, anazikuta. Walakini shanga zile zile mikononi mwa wawili hutoka mikufu miwili isiyofanana, na mkufu wa mmoja hukatika. Jina la mtunzi wa ngoma, basi, lamfaa Opoku kwa haki kamili, na lamfaa kuliko mpangaji, neno ambalo hupendelewa na wengine na ambalo lingemfaa zaidi mtu wa kupanga viti. Msaada wa neno hili, hata hivyo, una mpaka. Huonyesha kazi ya aliyetunga, lakini halimtaji aliyefinyanga shanga, na huko Legon mtu huyo alikuwa hai, alikuwa chumba cha pili.

Maana pamoja na Opoku waliajiriwa mafundi walioletwa kwa sababu ya mikono yao. Aliye maarufu kuliko wote ni Kakraba Lobi, mpigaji wa gyil, marimba ya Walobi wa kaskazini-magharibi, aliyefundisha hapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wataalamu kutoka Ulaya, Marekani na Japani walijifunza kwake, na baadhi yao walipata shahada kubwa kwa yale waliyojifunza. Fundi mwenyewe aliitwa mfundishaji, jina lililo chini ya mhadhiri katika ngazi ya chuo. Nketia aliona mbali alipowaingiza mafundi hao chuoni, na jambo hilo halikuwa la kawaida katika vyuo vikuu vya wakati ule; lakini mlango ulifunguliwa na ngazi haikuguswa.

F. Nii-Yartey, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Legon, alifuata njia salama zaidi: alisoma kwao, akaongeza masomo Marekani, ndipo mwaka 1976 akalishika kundi baada ya mwalimu wake. Yeye alithubutu kuliko Opoku; tamthilia zake za ngoma, mathalan The Lost Warrior, huzichukua hatua za kale kama herufi, si kama sentensi. Ilipofika 1992, National Theatre ilipofunguliwa mjini Accra, kundi liligawanyika: wengine wakaenda mjini pamoja na Nii-Yartey, wengine wakabaki Legon. Ugomvi juu ya nani mwenye haki ya jina la asili ulikuwa mchungu, nao haukuwa wa bure. Jumba lilitaka maonyesho. Chuo kilitaka mafunzo na uchunguzi. Opoku alikuwa ameyashika yote mawili kwa mkono mmoja, na haikuonekana kama kazi ngumu mpaka alipouondoa mkono huo. Nii-Yartey alianzisha Noyam mwaka 1998, mahali pa vijana kujifunza bila ya kuulizwa vyeti, kisha akarudi kufundisha Legon. Alifariki mwaka 2015.

Opoku mwenyewe alikwenda kufundisha Brockport, katika jimbo la New York, nako akawa profesa. Maandishi yake ni machache. Ngoma nyingine za Ghana ziliandikwa kwa alama za Laban na Odette Blum, mgeni, kwa uangalifu mkubwa, na kazi yake ilitolewa mwaka 1973. Mwanafunzi aliye mbali na Ghana hutegemea kurasa hizo. Anayezisoma hupata mguu ulipokanyaga na mkono ulipoelekea. Lile jibu la mpigaji kwa mkono uliowekwa kichwani halina alama katika mistari ile, na mfululizo ambao Opoku aliutunga Legon bado hufundishwa huko kwa mwili, mchezaji mkubwa akimwonyesha mdogo, pasipo jina la mtunzi kutajwa kila mara.