Kope Likishuka Juu ya Jicho la Bandia

Jicho la bandia linaweza kupakwa rangi ikafanana kabisa na la pili, lakini kope la juu likishuka, watu watatambua tu. Wengi hudhani kope ndilo lenye kasoro. Mara nyingi kasoro iko nyuma yake.

Jicho la mtu mzima lina ujazo wa takribani mililita 7. Levata, msuli unaoinua kope, hupita juu yake kama kamba juu ya kapi. Jicho likitolewa, daktari huweka tufe tunduni, aghalabu lenye kipenyo cha milimita 20 hadi 22, na jicho la bandia hufidia ujazo uliosalia. Tufe likiwa dogo, levata hukosa egemeo. Hata ikivuta, kope haliinuki vya kutosha, na juu yake panabonyea.

Ndiyo maana kazi huanzia kwa fundi wa macho ya bandia. Huongeza akriliki sehemu ya juu, au hutengeneza ukingo mwembamba wa kulishikilia kope. Ni tiba nzuri, isiyohitaji kisu, ila ina kikomo: jicho likiwa zito, kope la chini hulegea, jicho huteremka, na kope la juu hulifuata. Hapo ni afadhali kurudi kujaza tundu, kwa tufe kubwa zaidi au kwa kipande cha ngozi na mafuta ya mgonjwa mwenyewe.

Upasuaji wa kope hufuata baadaye, jicho la bandia la kudumu likiwa limeshakaa. Mimi napendelea njia ya kupitia ngozi, kukaza kano ya levata. Kupitia ndani huhitaji kukata utando uleule unaofanya mfuko wa kushikilia jicho la bandia. Mfuko ukifupika, jicho halikai. Mgonjwa hupigwa ganzi ya sehemu tu, jicho lake likiwa mahali pake. Daktari hufunga uzi kwa muda, humketisha, humwambia atazame mbele, kisha hupima kutoka katikati ya mboni hadi ukingo wa kope. Upande mzima huwa milimita 4 hadi 5. Uzi hulegezwa au hukazwa mpaka pande mbili zilingane, ndipo hufungwa moja kwa moja.

Hapa hakuna konea (kioo cha mbele cha jicho) ya kuogopea, lakini kope lazima liendelee kufumba. Uso wa akriliki ukikauka, matongo hujaa na tundu huwasha mchana kutwa.